Jon Tester: Mkulima Aliyechaguliwa na Watu wa Mjini

Novemba 2024 Jon Tester aliangushwa. Baada ya miaka 18 kwenye Seneti ya Marekani alipata asilimia 45.5 ya kura za jimbo la Montana, na Tim Sheehy, komando wa zamani wa jeshi la majini aliyegeukia biashara ya ndege za kuzima moto, akapata 52.6. Wapenzi wake walilia kwamba Chama cha Democratic kimempoteza mkulima wake. Wapinzani walikuwa wameshasema kwa miaka kwamba mkulima huyo hayupo tena, kwamba kilichobaki ni mwanasiasa wa Washington mwenye shamba Montana.

Pande zote mbili zina chembe ya ukweli. Ila ukitaka kuzipima sawasawa, usianzie Washington. Anzia kwenye bunge la jimbo, alikokaa miaka minane, kwa sababu huko ndiko ukulima wake ulikofanya kazi kuliko mahali pengine popote.

Kwanza tuondoe shaka moja: mtu huyu analima. Sisi tumezoea viongozi wanaojitambulisha kwa shamba la wazazi wao. Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu wa Tanzania alijulikana nchi nzima kama mtoto wa mkulima. Tester ni mkulima mwenyewe. Shamba lake la ekari 1,800 liko jirani na Big Sandy, kamji kadogo kaskazini mwa Montana, kwenye ardhi ambayo babu na bibi yake waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1910 chini ya utaratibu wa serikali wa kugawa ardhi kwa masharti ya kuiendeleza. Ekari 1,800 kwetu ni mali ya bwana mkubwa. Kule, kwa mvua haba na wastani wa shamba unaozidi ekari 2,000, ni shamba la familia tu, na familia yenyewe iliongezea kipato kwa bucha. Akiwa na miaka 9, mashine ya kusaga nyama ya bucha hiyo ilimkata vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto. Tarumbeta hubonyezwa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo akashika tarumbeta, akasomea muziki chuoni, akafundisha shule ya Big Sandy kwa muda, kisha akabaki shambani. Tangu miaka ya 1980 analima kilimo hai: ngano, shayiri, dengu, njegere. Akiwa Seneta wa taifa alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa juma kupanda trekta, na akirudi Washington hubeba kwenye begi nyama ya ng'ombe aliyoichakata mwenyewe.

Kilichomsukuma kugombea useneta wa jimbo mwaka 1998 kilikuwa sheria ya umeme. Mwaka mmoja kabla, bunge la Montana lilikuwa limelegeza udhibiti wa soko la umeme, na kampuni ya Montana Power ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele kulitaka hilo. Jimbo lilikuwa na umeme wa bei nafuu kutokana na mabwawa yake. Kampuni ikauza mabwawa, ikakimbilia biashara ya mawasiliano kwa jina la Touch America, na mwaka 2003 ikafilisika. Walioachiwa bili ni wateja. Kwa mkulima jambo hili halikuwa siasa za mbali, kwani umeme ni gharama ya uzalishaji kama ilivyo dizeli, na bei ya ngano haipandi eti kwa sababu bili imepanda.

Sasa tazama bunge lenyewe. Bunge la Montana hukutana siku 90 tu, tena katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, kuanzia Januari hadi mwishoni mwa Aprili hivi. Ukiiangalia kalenda hiyo utaona imekatwa kwa kipimo cha mtu wa ngano. Januari shamba limefunikwa na theluji, kombaini iko bandani, hakuna cha kufanya isipokuwa kulisha mifugo. Bunge linapoahirishwa ndipo ardhi inapoanza kupandika. Mkulima anaweza kuwa mbunge bila kuacha kuwa mkulima, jambo ambalo kwenye bunge la kudumu, lenye mshahara mnono na makazi mji mkuu, ni maneno ya jukwaani tu.

Wanaousifu mfumo huu wanasema hivyo ndivyo uwakilishi unavyotakiwa kuwa: mtu anatunga sheria, kisha anarudi kuishi chini yake. Nami nakubali, kwa sehemu. Lakini hiyo hiyo kalenda inamfungia nje muuguzi, dereva wa lori na mwalimu, ambao hakuna mwajiri atakayewapa ruhusa ya miezi minne kwa posho ndogo. Matokeo yake viti hujaa wastaafu, wenye biashara zao na wenye ardhi. Halafu kuna jambo zito zaidi. Bunge la siku 90 halina muda wala wataalamu wa kutosha, na pengo hilo huzibwa na washawishi wa makampuni, ambao wao hawaendi kupanda ngano mwezi Mei. Sheria ya umeme ya 1997 ilipita kwenye bunge la namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mfumo uliomruhusu Tester kuingia ndio uliozaa kosa alilokwenda kulirekebisha. Wanaomtaja kama ushahidi kwamba bunge la wakulima ni bunge safi huiruka sehemu hii ya hadithi.

Ndani ya bunge hilo alipanda haraka: mnadhimu wa chama chake kilipokuwa na viti vichache, kisha kiongozi wa kambi hiyo, na mwaka 2005, Wademokrati walipopata viti 27 kati ya 50, Rais wa Seneti ya jimbo. Mwaka huo huo alidhamini sheria iliyoyataka mashirika ya umeme yafikie asilimia 15 ya nishati jadidifu ifikapo 2015, na jina la sheria hiyo lilitaja wazi uchumi wa vijijini. Hapa mkono wa mkulima unaonekana. Wengine waliizungumza nishati ya upepo kwa lugha ya hali ya hewa. Yeye aliizungumza kama zao la ziada, mtambo unaozunguka juu ya ngano huku mwenye shamba akilipwa kodi ya ardhi. Warepublican waliifuta sheria hiyo mwaka 2021, wakati lengo lake lilikuwa limeshapita.

Montana ina ukomo wa miaka minane kwa kila bunge ndani ya kipindi cha miaka 16, kwa hiyo mwaka 2006 Tester alikuwa anatoka apende asipende. Akaamua kupanda juu, agombee Seneti ya Marekani. Kwenye kura za mchujo alimshinda mgombea aliyekuwa na fedha zaidi, John Morrison, kisha akakutana na Seneta Conrad Burns, Mrepublican aliyekuwa anakishikilia kiti hicho. Na Burns naye hakuwa mgeni wa mashamba: alikuwa dalali wa minada ya ng'ombe na mtangazaji wa habari za kilimo redioni. Tofauti ni kwamba Burns alikuwa ameelemewa na uhusiano wake na mshawishi Jack Abramoff, aliyekuwa ameshakiri makosa ya rushwa. Tester alijitangaza kwa kinyozi wake na kichwa chake kilichonyolewa bapa kama meza. Alishinda kwa kura 3,562, na ushindi huo ukachangia kuwapa Wademokrati Seneti kwa 51 dhidi ya 49.

Huko Washington, jambo linaloonyesha vizuri faida na mipaka ya ukulima wake ni sheria ya usalama wa chakula iliyosainiwa Januari 2011. Watu walikuwa wameugua salmonella, kwanza kutokana na siagi ya karanga, kisha mayai, na Bunge likataka masharti makali kwa wazalishaji wote. Tester, pamoja na Seneta Kay Hagan wa North Carolina, aliingiza kifungu cha kuwapunguzia masharti wazalishaji wenye mauzo yasiyofika dola 500,000 kwa mwaka, mradi zaidi ya nusu ya mauzo yao yaende moja kwa moja kwa walaji, au kwa migahawa na maduka ndani ya jimbo lao au umbali wa maili 275. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kuuza bidhaa mkononi: mnunuzi wa soko la kijijini anamjua aliyemuuzia karoti, na makaratasi ya kiwanda yakimwangukia mama mwenye bustani atafunga bustani. Wazalishaji wakubwa wa mboga na matunda walipinga vikali. Walisema bakteria hawaulizi ukubwa wa shamba.

Kisayansi hoja yao ni ngumu kuipangua. Lakini nikipima naona Tester alikuwa sahihi zaidi, kwa sababu ya hesabu na si kwa sababu ya huruma: karanga zenye ugonjwa kutoka kiwanda kimoja zilisambaa kwenye majimbo mengi na maelfu ya bidhaa, wakati mboga mbovu za shamba dogo huishia kwenye mitaa michache. Kifungu kama hicho hakiandikwi na mtu ambaye hajawahi kujaza fomu za ukaguzi. Vivyo hivyo muswada wake wa 2022 wa kumpa mkulima haki ya kutengeneza trekta lake mwenyewe, badala ya kumsubiri fundi wa kampuni mwenye funguo za programu. Huo haukupita.

Mipaka inaonekana ukiuliza: mkulima yupi? Desemba 2010 muswada wa DREAM, wa kuwapa njia ya uhalali vijana waliopelekwa Marekani utotoni bila vibali, ulipata kura 55 na kukwama kwa kuhitaji 60. Wademokrati watano walipiga kura ya hapana, Tester mmoja wao. Wangesema ndiyo wote watano, ungepita kizingiti. Ngano ya Montana huvunwa na kombaini na watu wawili watatu. Jordgubbar na lettusi za California huvunwa kwa mikono ya wahamiaji. Wote ni wakulima, na kura zao bungeni hazifanani. Mwaka uliofuata, akishirikiana na Mike Simpson wa Idaho, Tester alipenyeza kwenye muswada wa bajeti kifungu cha kuwaondoa mbwa mwitu wa Montana na Idaho kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bunge kumwondoa mnyama kwenye orodha hiyo. Wafugaji walishangilia, wahifadhi wakasema sayansi imekanyagwa. Mtu anayesema anahitaji sauti ya kilimo bungeni ajue kwamba atapata sauti ya kilimo cha kwao mbunge.

Na kazi yake kubwa kuliko zote haina uhusiano na shamba. Akiwa mwenyekiti wa kamati ya maveterani alisukuma sheria ya PACT ya mwaka 2022, iliyofungua matibabu na mafao kwa askari waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraq na Afghanistan.

Upande wa lawama usipuuzwe. Aliingia Seneti kwa kumnyooshea kidole Burns juu ya washawishi, na kufikia uchaguzi wa 2018 alikuwa miongoni mwa wanasiasa waliopokea fedha nyingi zaidi kutoka kwa washawishi. Mwaka huo aliunga mkono sheria ya kulegeza masharti ya mabenki. Watetezi wake walijibu kwamba benki za vijijini ndizo zinazomkopesha mkulima mbegu. Jibu hilo ni kweli, na bado halielezi fedha zote.

Ila kinachonishangaza zaidi ni ramani ya kura zake. Mara tatu alishinda, na mara moja tu, 2018, alivuka nusu ya kura zote. Ushindi ule ulitoka Missoula, Bozeman, Helena, Great Falls, mji wa wachimba madini wa Butte, na maeneo ya wenyeji asilia. Kaunti za ngano na ng'ombe, kwa wingi wake, zilimpa kura mpinzani wake Mrepublican, Matt Rosendale, mwekezaji wa ardhi aliyetokea Maryland, ambaye kambi ya Tester ilimkejeli kuwa mfugaji asiye na ng'ombe. Wakulima waliisikia kejeli hiyo na wakampigia kura Rosendale. Mkono wenye vidole viwili na trekta lenye vumbi viliwavutia zaidi watu wa chuo kikuu cha Missoula kuliko jirani zake. Jirani hahitaji kuambiwa mkulima anafananaje. Yeye anauliza huyu mkulima atapiga kura na nani Washington.

Mwaka 2024 jibu la swali hilo lilimaliza kazi. Zaidi ya dola milioni 200 zilimwagwa kwenye jimbo lenye wapiga kura kama 600,000 waliojitokeza, zaidi ya dola 300 kwa kila kura. Tester alimzidi Kamala Harris kwa takriban pointi 7 ndani ya jimbo hilo. Hizo pointi 7 unaweza kuziita thamani ya shamba, pamoja na jina na miaka 18 ya kuhudumia watu. Zilikuwa nyingi kuliko Wademokrati wengi wanavyopata, na hazikutosha kuziba pengo la pointi karibu 20 kati ya Harris na Donald Trump.

Mlinganishe na Chuck Grassley wa Iowa, naye mkulima, naye alianzia bunge la jimbo lake, mwaka 1959. Yuko kwenye Seneti ya taifa tangu 1981, na mwaka 2022 alichaguliwa tena akikaribia miaka 90. Lobi, benki, miaka mingi Washington, vyote anavyo. Tofauti ni kwamba yeye ni Mrepublican, na kijiji cha Iowa kilipohamia upande huo kilimkuta ameshakaa kitini. Mwaka 2020 mjukuu wake Pat, mkulima pia, akawa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo lile lile.