Jina la chuo lina uzito gani?

Kila msimu wa udahili ubishi ni ule ule. Kuna wanaosema pambana uingie chuo chenye jina, hata kama kozi utakayopangiwa siyo uliyoitaka, maana ukishahitimu jina litakutangulia kila uendako. Kuna wanaojibu kwamba elimu ni ile ile, tofauti iko kwa mwanafunzi. Hawa wa pili husikilizwa kwa adabu tu, kama watu wanaomfariji aliyekosa nafasi. Nadhani hawatendewi haki.

Wanaotetea jina huanza na mishahara. Wahitimu wa vyuo vikubwa wanalipwa vizuri zaidi, na hilo halina ubishi. Lakini mshahara huo umeletwa na nani: chuo, au kijana aliyeingia pale tayari ana alama nzuri, bidii, na wazazi wanaojua njia? Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walilichunguza swali hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wakiwafuatilia Wamarekani walioanza chuo mwaka 1976. Hawakulinganisha wahitimu wa chuo kikubwa na wa chuo kidogo hivi hivi. Waliwachukua vijana walioomba na kukubaliwa na vyuo vya kiwango kimoja, kisha mmoja akaenda kwenye chuo kigumu kuingia na mwenzake akaamua kwenda kwingine. Miaka mingi baadaye vipato vyao vilikuwa karibu sawa.

Matokeo hayo yana mengi ndani yake. Huyo aliyekataa chuo kikubwa hakuiacha akili yake getini. Uthubutu uliomfanya aombe nafasi ngumu alikwenda nao huko alikochagua, ukamfanyia kazi. Chuo chenye jina, kwa sehemu kubwa, kinachuja vizuri, kisha kinahesabu mafanikio ya kiliowachuja kuwa ni kazi yake. Ni kocha anayesajili wanariadha wenye mbio halafu anasifiwa kwa kuwafundisha kukimbia. Sisemi hafundishi kitu. Nasema mbio zao hazikupimwa kabla hawajafika kwake.

Hata hivyo utafiti huo ulikuwa na tanbihi ambayo wapinzani wa jina hupenda kuiruka. Watoto wa familia zenye kipato kidogo walipata zaidi waliposoma vyuo vya ushindani mkali. Dale na Krueger waliporudia kazi yao mwaka 2011, faida ilionekana kwa wanafunzi weusi, kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na kwa wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Maana yake ni wazi: jina linamsaidia zaidi asiye na mjomba ofisini. Kijana wa namna hiyo akipewa nafasi katika chuo kikubwa, tena kwa ufadhili, aende. Cha ajabu ni kwamba makelele ya jina mara nyingi yanatoka kwenye familia ambazo tayari zina kila ambacho jina lingewapa.

Kuna hoja nyingine ya wanaotetea jina, nayo ni nzito. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichunguza vyuo 12 vya kifahari Marekani. Kipato cha wastani cha wanafunzi hakikupanda sana kwa kuingia huko badala ya chuo kizuri cha umma. Ila uwezekano wa kufika kwenye asilimia 1 ya wenye kipato cha juu kabisa uliongezeka kwa karibu nusu. Basi anayelenga kilele chembamba cha namna hiyo ana sababu ya kuhangaikia jina. Tuliobaki tunahangaika kwa niaba yake.

Majedwali ya kupanga vyuo kwa namba nayo yasitutishe. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Columbia kilishuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 katika orodha ya vyuo ya U.S. News, chombo cha habari cha Marekani, baada ya mwalimu wake wa hisabati, Michael Thaddeus, kuzitilia shaka hadharani takwimu ambazo chuo chenyewe kilikuwa kimewasilisha. Maktaba haikuhama, wahadhiri ni wale wale.

Ninachokiona kikidharauliwa ni yale yanayotokea baada ya kusajiliwa. Kampuni ya kura za maoni ya Gallup na Chuo Kikuu cha Purdue waliwahoji wahitimu zaidi ya 30,000 mwaka 2014. Aina ya chuo haikueleza mengi kuhusu nani anaifurahia kazi yake na kuifanya kwa moyo. Kilichoeleza ni kama mtu alipata mhadhiri aliyemjali, aliyemtia hamu ya kujifunza, na mlezi aliyemhimiza afuate ndoto zake. Waliopata yote matatu, uwezekano wao wa kuwa na moyo na kazi ulikuwa zaidi ya mara mbili. Walikuwa asilimia 14 tu. Kweli, aliyefanikiwa huwakumbuka walimu wake kwa upendo zaidi, kwa hiyo namba hiyo tuipokee kwa tahadhari kidogo. Lakini asilimia 14!

Kwa hiyo, chuo kikishakuwa na ithibati na kozi yako ipo, jedwali liweke kando. Wapigie wanafunzi wa mwaka wa pili. Darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi? Nani anasahihisha kazi zenu, mhadhiri au msaidizi wake? Kati ya walioanza, wangapi wanamaliza? Ukifika, usingoje mwaka wa tatu wa kuandika tasnifu ndipo ubishe hodi kwa mhadhiri. Nenda muhula wa kwanza, hata na swali dogo.

Tatizo ni kwamba wanaouhitaji zaidi mlango huo ndio wanaouogopa zaidi. Asiye na msomi nyumbani huona kuuliza ni kujianika. Kumwambia tu ajitahidi ni kumtwisha mzigo ambao chuo kingeweza kuubeba kwa kumpangia kila mwanafunzi mpya miadi ya lazima na mlezi wake wa masomo. Waulizeni kama wanafanya hivyo, kabla hamjalipa ada.