Hela inatumwa, ila nani anampeleka mtoto kliniki?

Watu wengi wakiongelea mtu aliyeenda nje kutafuta maisha wanahesabu hela tu, katuma kiasi gani, nyumba imefikia wapi, na mi siwalaumu maana kwenye afya hiyo hela inasaidia kweli. Mgonjwa anawahishwa hospitali badala ya kusubiri mpaka azidiwe, dozi inanunuliwa yote, watoto wanakula vizuri. Tena haiji hela peke yake, aliye kule anaona wenzake wanapima presha hata kama hawaumwi, anapiga simu mama nenda kapime, na mama anaenda kweli.

Sasa shida inaanzia hapa. Mwaka 2005 watafiti wawili, Hildebrandt na McKenzie, waliangalia familia za Mexico zenye watu waliohamia Marekani, wakakuta watoto wao wanazaliwa na uzito mzuri zaidi, vichanga wanakufa wachache, na mama zao wanajua mambo ya afya kuliko wenzao, lakini kunyonyesha na kukamilisha chanjo kulikuwa chini! Yani elimu ipo, hela ipo, na chanjo bado inarukwa.

Mi naona kinachopungua pale ni mikono. Chanjo inataka mtu wa kuamka asubuhi abebe mtoto akakae foleni, na huyu aliyebaki anafanya kazi za watu wawili, kwahiyo mtoto akiumwa ataacha yote amkimbize, ila akiwa mzima kliniki inasogezwa wiki ijayo, wiki ijayo nayo ina mambo yake.

Kwa watoto wakubwa ndo naogopa zaidi. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2018 ulikusanya tafiti 111, ukakuta watoto walioachwa nyumbani na wazazi waliohama kutafuta kazi wana hatari kubwa zaidi ya sonona, wasiwasi, vilevi na utapiamlo, na faida ya kiafya haikuonekana. Ni kweli nyingi ya tafiti hizo ni za China, wazazi wanaohamia miji ya hukohuko kwao, so siwezi kusema kila familia iko hivyo, na wa Mexico wanaonyesha faida ipo kwa wachanga. Ila kwa bibi aliyechoka, kumkatalia kijana wa miaka 15 ni kazi, tena kijana mwenye hela ya mfukoni aliyotumiwa na mzazi anayejisikia vibaya kwa kuwa mbali.

Halafu kuna kufichana. Wa nyumbani anaumwa hasemi, asimpe mwenzie stresi, na wa kule naye anaumwa kimya, mnaongea kila siku hamjambo hamjambo mpaka siku mtu analazwa.

Simwambii mtu asiende, wengi hawana namna nyingine. Ila kabla hajasafiri wakae waulizane kadi ya kliniki anashika nani, bibi akiumwa watoto wanaangaliwa na nani, na kwenye hela ya kila mwezi itoke ya kumlipa mtu wa kusaidia kazi za nyumbani, hata siku mbili tu kwa wiki, ili yule aliyebaki apate asubuhi ya kwenda kliniki.