Kumbe haukuwa upepo

Mbukwenyi wapendwa. Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya kucheka naomba niseme hivi, ile voisi noti ya shosti wangu (anajijua, na mchango wangu wa vikoba arudishe) kuhusu yaliyotokea kwenye kitchen party ya mdogo wangu juzi Jumamosi ina uongo sehemu mbili. Mimi sikuzimia. Nilikaa chini ghafla, hivyo ni vitu viwili tofauti. Na bibi hakumpiga mtu bakora, aliinyoosha tu. Mengine yote kweli, ndo maana naandika mwenyewe leo Jumatatu kabla hayajapanda treni ya umeme hapa Dodoma yakafika Morogoro.

Chanzo ni kitabu. Mnanijua nikishika kitabu nakuwa mtu mwingine. Nilipata riwaya moja ya kihistoria ya Marekani, jina silitaji maana kitabu hakina kosa, mwenye kosa ni mimi. Kuna mama enzi za utumwa anashona yale mablanketi yao ya viraka, wenyewe wanaita kwilti, kila kiraka kimetoka kwenye nguo ya mtu wa ukoo, alafu vitukuu wanakuja kufumua miaka mia baadae wanakuta siri za familia zimekaa humo humo kwenye mshono. Nililia jamani. Nililia kwenye daladala ya Nkuhungu mpaka konda akaona aibu kunidai nauli.

Sasa nikajiuliza, sisi huku tuna nini? Tuna kanga. Na mdogo wangu alikuwa na kitchen party Jumamosi. Mnaona wenyewe inakoelekea.

Kwa mliojiunga juzi: babu yangu wa Bahi alikuwa na wake wawili. Mimi ni wa Bibi Mkubwa, bi harusi ni wa Bibi Mdogo. Na sifa ya ukoo wetu, ile inayosemwa kila msiba na kila harusi, ni kwamba wale bibi hawajawahi kugombana. Mji mmoja, kisima kimoja, miaka yote hiyo hakuna aliyesikia neno. Bibi Mdogo alikuwa na mkosi mmoja tu, kanga zake zilikuwa zinachukuliwa na upepo. Anafua, anaanika, upepo unabeba. Na upepo wa huku si mnaujua, unaanika suruali Ipagala unaikuta Ihumwa. Basi mpaka leo kwetu kitu kikipotea tunasema kimeenda na upepo wa Bahi. Rimoti, chaja, mume wa dada yangu, wote upepo wa Bahi.

Nikaenda kwa Bibi Mkubwa, sa hivi anakaa kwa mama Chang'ombe. Nikamwambia bibi shikamoo, naomba kanga zako za zamani nimshonee mdogo wangu zawadi, nyumba mbili ziwe kitu kimoja. Bibi sikio la kulia limeshastaafu na mimi nilikaa kulia. Akasema "chukua za kwenye sanduku la bati." Ndivyo nilivyosikia. Mama anadai kilichosemwa ni "usichukue za kwenye sanduku la bati." Hili suala bado liko kwenye kikao.

Nikafungua. Kanga kumi na mbili, zimekunjwa kama zimepigwa pasi jana, harufu ya nafutalini inakupiga mpaka kwenye macho. Kama hazijavaliwa yaani. Moja ina fundo kwenye pindo, nikafungua kwa mikono inatetemeka nikijua ni barua ya siri kama kwenye riwaya, nikakuta shilingi ya mwaka 1966 yenye sura ya Nyerere. Nikasema sawa, tunaanza. Alafu nikaona sita kati ya hizo zina alama ndogo kwenye kona ya mji (ile sehemu ya katikati ya kanga), msalaba wa uzi mwekundu, mdogo kama punje ya uwele. Nikajisemea bibi yangu alikuwa na jicho la sanaa. Kila nikikata kiraka nikahakikisha ule msalaba umekaa katikati. KATIKATI jamani.

Na kwa kuwa kitabu kilisema mpangilio una maana, sikuvuruga. Nilizishona vilevile zilivyopangwa kwenye sanduku, kiraka cha mji juu, chini yake jina la kanga. Fundi wangu wa Majengo akaunganisha viraka kwa cherehani, katikati tukaweka blanketi jembamba, chini shuka, alafu mishono ya kupitisha matabaka yote matatu nikashona kwa mkono wiki tatu usiku usiku. Kidole changu cha shahada sa hivi ni chekeche. Yale majina nilikuwa nayasoma moja moja nasema kha, mafundisho matupu haya, hiki kizazi cha sasa hatuna hekima.

Haya, Jumamosi. Ukumbi uko Kisasa, akina mama wamependeza, sare ya zambarau, wageni wa upande wa bwana harusi wameshuka na treni mchana wamekaa mbele kabisa. Bibi zetu wote wawili meza kuu. Zamu yangu ikafika. Mtu mwenye akili angetoa zawadi akae. Mimi nikaomba maiki.

Nikawaelezea habari za Harriet Powers. Ndio, kwenye kitchen party, watu wananusa pilau. Nikawaambia huyu mama alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, akashona hadithi za Biblia kwenye mablanketi ya viraka, lile la 1886 shida ikambana akaliuza dola 5 na leo limehifadhiwa makumbusho ya taifa kule Washington. Nikaona shangazi anapiga miayo. Sikukoma. Nikawaambia watumwa waliotoroka walikuwa wanaangalia blanketi lililoanikwa uani, michoro yake inawaonyesha njia. (Jana usiku ndo nimesoma wanahistoria wanasema hiyo hadithi haina ushahidi. Asanteni sana, mmechelewa.) Alafu nikamalizia kwa sauti ile ya mahubiri, nanukuu kwa sababu shosti kanirekodi: "Na hili ni la kwetu. Kila kiraka hapa kina siri ya upendo wa bibi zetu wawili."

Wasichana wawili wakalinyanyua. Vigelegele. Lilipendeza, msininyime hilo. Sasa emsii, mama mmoja ana sauti inayofika bila spika, akaona nitaendelea kuongea, akachukua maiki akasema ngoja tuwasomee wageni wetu busara za familia hii.

Akasoma la kwanza, taratibu, kama anasoma zaburi. NYOTA NJEMA HUONEKANA ASUBUHI. Vigelegele. La pili. KIPYA KINYEMI INGAWA KIDONDA. Vigelegele, ila vichache, na nyuma kuna mtu kafanya "mh". La tatu. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. La nne. KITANDA USICHOKILALIA HUJUI KUNGUNI WAKE.

Hapo emsii akanyamaza kidogo. Akaniangalia. Nikamwangalia. Akili yangu ikawa kama jenereta ya zamani, inakohoa haiwaki. Mama yule alipofungua mdomo tena haikuwa sauti ya zaburi, ilikuwa sauti ya taarabu, na kiuno kikaanza kuitikia. HASIDI HANA SABABU! Ukumbi: eeeeh! NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE! Ukumbi: weeeeh mjibu! Wageni wa mbele simu zote juu. Ndo jenereta ikawaka. Haya sio mafundisho. Haya ni majibizano. Watu wa Marekani wanabishaniwa mpaka leo kama walificha ujumbe kwenye viraka, sisi tuliandika kwa herufi kubwa alafu mimi nikaushonea na fremu.

Nikamwona Bibi Mdogo anasimama. Mtu wa themanini na kitu anasimamaje polepole vile, ilinichukua maisha yangu yote. Bakora, hatua, bakora, hatua. Ukumbi kimya, unasikia tu mfuniko wa hotpoti mtu anaurudisha. Akafika kwenye blanketi, akainama mpaka pua ikagusa kitambaa, akalamba kidole akasugua ule msalaba mwekundu. Akanyoosha bakora, kiraka cha kwanza. "Moja." Akaruka cha pili, akaenda cha tatu. "Mbili." Anahesabu zenye uzi mwekundu tu. Mpaka sita. Alafu akasema, na emsii Mungu anamwona kamwekea maiki mdomoni, "Huu uzi nilifumua kwenye sweta ya mwanangu wa kwanza, nikaweka alama kanga zangu nizijue."

Akageuka meza kuu.

"Upepo."

Bibi Mkubwa alikuwa anasoma lebo ya chupa ya maji. Bila miwani. Watu mia na ushee wanamsubiri amalize kusoma. Akaiweka chini, akafuta mdomo, akasema, "Miaka ile upepo wa Bahi ulikuwa mkali sana."

Bibi Mdogo akarudi kuangalia kile kiraka cha mwisho kabisa, SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU, msalaba mwekundu katikati kama nilivyoupanga kwa mikono yangu. "Hata hii? Hii niliivaa matanga ya mume wetu."

"Hiyo ilidondoka yenyewe."

Hapo ndo nilipokaa chini.

Yaliyobaki mafupi. Dijei akawasha muziki, pilau likaliwa, mama mkwe wa mdogo wangu akasema tangu azaliwe hajawahi kufaidi kitchen party kama hii. Bibi zetu wakarudi gari moja bila kusemeshana hadi Chang'ombe, walipofika wakaagiza chai. Mama hajaniongelesha. Bi harusi analitaka blanketi lake, Bibi Mdogo anataka kanga zake sita mpaka Ijumaa tena anazitaka nzima, na mimi ndo nilizikata, kwa hiyo hapa mnaponisoma nina wembe mkononi nafumua mishono ya wiki tatu, na fundi nikimpigia anakata simu.

Ila asubuhi hii Bibi Mkubwa kanipigia mwenyewe, anaongea chinichini kama mtu yuko chini ya kitanda. Sikumsalimia vizuri hata. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, lile sanduku la mbao hujaligusa, eti?"

Nikamwambia bibi, la mbao lipi?

Akakata.