Anayehesabu viini ndiye mwenye klasta

Ijumaa moja jioni niliiacha klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa kufanya kazi pamoja, ikiwa na kazi mia tatu na ushee kwenye foleni, zote za kukokotoa mtiririko wa hewa, nikaenda zangu nikijua Jumatatu nitakuta matokeo. Nikakuta maiti. Kila kazi ilipewa nodi zake, yaani kompyuta za ndani ya klasta, ikaanza, ikaomba leseni ya programu, ikanyimwa, ikafa ndani ya sekunde chache, ikaipisha nyingine ife. Slurm, ambayo ndiyo mpanga foleni wetu, haikuwa na kosa: kwa macho yake nodi zilikuwa wazi na kazi zilikuwa zikiingia na kutoka. Kufungua rekodi za seva ya leseni, naona tokeni zetu zote nne, yaani ruhusa za kuitumia programu kwa wakati mmoja, zimeshikwa na kompyuta moja ya mezani. Mwenyewe alifungua madirisha manne mchana wa Ijumaa alinganishe michoro, akazima kioo, akaondoka.

Dawa ya haraka ipo. Ndani ya slurm.conf, faili la mipangilio ya Slurm, unaandika mstari mmoja wa Licenses wenye jina la programu na idadi ya tokeni, kisha mtumiaji anaiomba kwa -L anapowasilisha kazi, kama anavyoomba kumbukumbu na viini, yaani vitengo vya kukokotoa vilivyo ndani ya prosesa. Tokeni zikiisha kazi inasubiri, haifi. Ila hesabu hiyo inajua tu kinachopita kwenye foleni. Yule wa madirisha manne hapitii foleni, kwa hiyo Slurm itaendelea kuamini tokeni zipo. Ikabidi mbili tuwaachie watu wa mezani na klasta ibaki na mbili. Hapo ndipo nilipokubali kwamba ukubwa wa klasta yangu haupimwi kwa mashine nilizonunua. Unapimwa kwa namba iliyoandikwa kwenye leseni.

Sina ugomvi na kulipa. Mkono mtupu haulambwi, na wanaoandika programu hizi wanakula kwa jasho lao. Ugomvi wangu ni mizani. Zamani leseni nyingi zilihesabiwa kwa prosesa, na hesabu ilieleweka kwa sababu prosesa ilikuwa na kiini kimoja. Mwaka 2005 prosesa za x86, zile za kompyuta na seva za kawaida, zenye viini viwili zikaingia sokoni, na tangu hapo viini vimeongezeka mpaka AMD, mwaka 2024, ikatoa prosesa ya seva ya EPYC yenye viini 192. Seva ya prosesa mbili za aina hiyo, kwa hesabu ya zamani ni leseni 2. Kwa hesabu ya viini ni 384. Namwelewa muuzaji anayeona wateja wanaziba nafasi ya seva kumi kwa seva moja na kulipa sehemu ya kumi.

Lakini tazama ilivyokwenda kwa VMware, kampuni ya programu za kugawa seva moja ifanye kazi kama nyingi. Mwaka 2020 waliamua kwamba leseni ya prosesa moja inafunika viini 32 tu, ukizidi unanunua ya pili. Novemba 2023 Broadcom ikakamilisha kuinunua kampuni hiyo, na mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ukakoma: ikabaki kulipa kwa kipindi, kwa kila kiini, na kila prosesa ihesabiwe viini visivyopungua 16. Mwenye seva kuukuu ya prosesa mbili za viini vinane vinane analipia 32 ilhali anavyo 16. Chuma kilekile, kazi ileile. Kilichobadilika ni kibaba.

Nisiwe mchoyo wa sifa: wapo wanaopima kwa akili. Ansys, wa programu za uigaji wa kihandisi, huuza pakiti za ukokotoaji sambamba ambazo ya kwanza inafungua viini 8, mbili zinafungua 32, tatu 128, nne 512. Bei siijadili hapa, lakini umbo la hesabu linakiri jambo ambalo kila mwendesha klasta analijua: kuongeza viini mara nne hakuharakishi kazi mara nne.

Basi tuhamie programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, tupumzike? Pole pole. Grid Engine, mpanga foleni mwingine, ilifunguliwa msimbo na kampuni ya Sun mwaka 2001, Oracle ikainunua Sun mwaka 2010, na matoleo ya bure yakakauka. Waliobaki wakagawanyika kila mtu na tawi lake. CentOS 8, toleo la bure la Linux kwa seva, ilitarajiwa kutunzwa hadi 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba mwisho wake ni mwisho wa 2021, na wengi wetu tulikuwa ndiyo kwanza tumeisimika. Agosti 2023 HashiCorp ikaihamisha Terraform, programu yake ya kusimika miundombinu kwa msimbo, kwenye leseni inayowazuia washindani, na ndipo OpenTofu, tawi lake huria, ikazaliwa.

Kwa hiyo siku hizi nikiletewa jukwaa jipya siulizi kwanza kama ni huria. Nauliza hakimiliki ni ya nani. Kama kila anayechangia hutia saini kuipa kampuni moja mamlaka ya kubadili leseni ya alichoandika, najua mlango una ufunguo na ufunguo si wangu. Kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo huo, ina wenye haki maelfu, hakuna wa kuwakusanya wote wakubali. Kubernetes, ya kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi, iko chini ya taasisi ya pamoja, CNCF, si chini ya muuzaji mmoja. Slurm iko chini ya leseni huria ya GPL, na SchedMD, kampuni iliyoitunza, ilijenga biashara yake kwa kuuza msaada: unalipia mtu anayejua anachokifanya apokee shida yako saa mbaya. Malipo ya aina hiyo nayatia saini bila kinyongo, kwa sababu siku nikishindwa kulipa klasta haizimiki, inabaki tu bila fundi.

Mkataba wetu wa ile programu ya mtiririko wa hewa unaisha mwaka huu. Nimeomba sentensi moja iongezwe: kipimo cha kuhesabia kisibadilike kwa miaka mitano, yaani muda ambao mashine zenyewe zitaishi. Punguzo sikuomba. Muuzaji alisema atawauliza wakubwa wake, na huu ni mwezi wa tatu.