Mkuu wa wilaya asiongoze kamati ya maadili ya mahakimu

Hakimu wa mahakama ya mwanzo nchini Tanzania akidai rushwa au akichelewesha hukumu makusudi, malalamiko hupelekwa Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama ya wilaya. Mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Mahakimu wakazi na wa wilaya wako chini ya kamati ya mkoa, nayo inaongozwa na mkuu wa mkoa. Ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011. Kamati huchunguza, kisha taarifa huenda Tume ya Utumishi wa Mahakama, chombo kinachosimamia ajira na nidhamu ya mahakimu.

Mpangilio huu siukubali. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wakuu hao hao uwezo wa kuamuru mtu akamatwe. Ndani ya saa 48 afikishwe kwa hakimu, la sivyo aachiwe. Hakimu atapimaje kwa uhuru amri ya mtu anayeweza kesho kukaa kitini kumchunguza yeye? Hata mkuu awe mwadilifu kiasi gani, hofu hiyo ipo, na anayeumia ni aliyekamatwa.

Huko juu nako, wajumbe sita wa Tume, kuanzia Jaji Mkuu na Mwanasheria Mkuu, wote ni wateule wa Rais. Kenya ina wajumbe 11, na kati yao majaji, hakimu na mawakili wawili huchaguliwa kwa kura na wenzao.

Mpaka sheria ibadilike, lalamika kwa akili. Kamati haitengui hukumu. Rufaa ya kutoka mahakama ya mwanzo ina siku 30 tu, na unaweza kuzipoteza ukisubiri majibu ya kamati. Kata rufaa kwanza. Lalamiko liandike peke yake: namba ya shauri, tarehe, jina la hakimu, alichosema au kutenda, na nani alishuhudia. Ukiombwa fedha, nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kabla hujatoa, maana mtego hauwekwi fedha ikishapita.

Kiti cha mwenyekiti apewe jaji au hakimu mstaafu, akae na wakili aliyechaguliwa na Chama cha Wanasheria Tanganyika pamoja na wananchi wawili walioomba nafasi kwa ushindani. Kila mwaka itangazwe malalamiko mangapi yamepokelewa na yameishia wapi. Kwa kamati, Bunge linahitaji kurekebisha sheria ya 2011 tu. Ni muundo wa Tume unaodai kugusa Ibara ya 112 ya Katiba.