Si kila mgonjwa anapumua mara 20

Pitia chati za wodi ya upasuaji yenye shughuli nyingi. Presha inapanda na kushuka, mapigo vilevile, joto nalo lina siku zake. Kisha tazama safu ya pumzi kwa dakika: 20, 20, 18, 20, 20. Aliyefanyiwa ngiri juzi na leo anasubiri ruhusa ya kwenda nyumbani ana 20. Jirani yake anayehema mpaka mabega yananyanyuka naye ana 20. Hiyo si hesabu, ni mazoea ya kalamu, na kwa maoni yangu wodini hakuna uongo mdogo unaowagharimu wagonjwa kama huo.

Chanzo chake kinaeleweka. Presha inapimwa na mashine, mapigo yanatokea kwenye kioo hichohicho, oksijeni inasomwa kidoleni. Pumzi peke yake ndiyo inayomtaka mtu asimame, atazame saa na anyamaze dakika nzima. Basi inaachwa mpaka mwisho wa zamu, halafu inajazwa kwa mkupuo.

Ubaya zaidi uko kwenye namba yenyewe. Katika mfumo wa alama za tahadhari wa NEWS, uliotolewa Uingereza mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017 kuwa NEWS2, pumzi 12 hadi 20 kwa dakika zina alama 0. Zikiwa 21 hadi 24 ni alama 2. Kuanzia 25 ni alama 3, sawa kabisa na namba ya juu ya presha iliyoshuka hadi 90. Kwa hiyo 20 ndiyo namba ya mwisho isiyo na alama. Anayeiandika bila kuhesabu haachi nafasi ya shaka. Anaandika kwamba mgonjwa hana tatizo.

Tazama inavyofanya kazi. Mgonjwa yuko siku ya pili baada ya kukatwa kipande cha utumbo. Mapigo 104, alama 1. Presha 112/78, alama 0. Joto 38.2, alama 1. Oksijeni asilimia 95 bila kuongezewa, alama 1. Yu macho na anajitambua. Ukiandika pumzi 20, jumla ni 3, na mfumo unakuruhusu kumpima tena baada ya saa nne hadi sita. Ukihesabu kwelikweli ukapata 26, jumla ni 6: daktari aitwe haraka na vipimo virudiwe angalau kila saa. Mgonjwa ni yuleyule, kitanda kilekile. Kilichotofautiana ni dakika moja.

Na pumzi huwahi kubadilika kwa sababu. Damu inapopotea, au maambukizi yanapoanza kusambaa mwilini, tishu hazipati oksijeni ya kutosha na asidi inarundikana kwenye damu. Njia ya haraka ya kuipunguza ni kuitoa kabonidayoksaidi kwa kupumua, kwa hiyo ubongo unaongeza kasi. Nimonia, damu iliyoganda kwenye mapafu, vifuko vya mapafu vilivyosinyaa kwa sababu mgonjwa anaogopa kuvuta pumzi ndefu akihofia mshono, vyote hivyo vinaonekana hapo, mara nyingi presha ikiwa bado nzuri ya kutuliza moyo.

Kuhesabu kwenyewe kuna ufundi wake. Usimwambie mgonjwa unahesabu pumzi, maana akijua tu anabadilisha namna anavyopumua. Maliza kuhesabu mapigo, acha vidole vyako palepale kwenye kifundo cha mkono wake kana kwamba bado unaendelea, hamishia macho kifuani. Kama pumzi ni fupi na hazionekani, laza mkono wake huo juu ya kifua chake na utazame unavyonyanyuka. Hesabu sekunde 60 kamili. Ukihesabu 15 na kuzidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne, na pale kwenye mpaka wa 20 na 24 hilo ndilo kosa linaloamua. Tena sekunde 15 hazikuonyeshi anayepumua haraka haraka kisha akakoma kidogo. Usihesabu akiwa anaongea, wala punde tu akitoka chooni.

Dakika hiyo si ya kuhesabu tu. Je, pande zote mbili za kifua zinanyanyuka sawa? Misuli ya shingo inavuta? Pua zinatanuka? Ukimsalimia, anamaliza sentensi au anakata katikati kutafuta hewa? Mtu anayejibu kwa maneno mawili mawili hahitaji mashine ili ujue hali yake.

Wengi hujitetea kwa kile kipimo cha kidoleni: "oksijeni yake ni 97, yuko sawa." Kifaa hicho kinasema damu imebeba oksijeni kiasi gani. Hakisemi hewa inaingia na kutoka kiasi gani. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni na kuchomwa morifini, dawa kali ya maumivu, anaweza kuonyesha 97 huku akipumua mara 7 kwa dakika na kabonidayoksaidi ikijaa mwilini. Vidole baridi, rangi ya kucha, mkanda wa presha unaobana mkono uleule, vyote vinaiharibu namba. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa huweza kusoma juu kidogo ya ukweli. Kabla ya kuiamini, linganisha mapigo yanayoonyeshwa na unayoyahisi mkononi. Yakipishana, hata oksijeni iliyoandikwa hapo usiiamini.

Na hapa kwenye morifini nina ugomvi na maneno mawili ya ripoti ya usiku: "amelala vizuri." Aliyepewa dawa kali za maumivu hulewa usingizi kwanza, pumzi hufuata. Kwa hiyo pima usingizi wake kama unavyopima presha. Anaamka ukimwita jina na kubaki macho? Endelea. Anaamka, anaanza kukujibu, anasinzia kabla hajamaliza neno? Dozi inayofuata isitolewe, mwarifu daktari, kaa karibu. Haamki hata ukimtikisa? Hiyo ni dharura. Hesabu pumzi kabla hujamwamsha, maana ukishamwamsha atapumua vizuri kwa dakika mbili kisha atarudi kulekule. Na kukoroma kwa nguvu si dalili ya raha; ni njia ya hewa iliyozibika nusu.

Pumzi zikifika 8 au chini, simamisha dawa, fungua njia ya hewa, weka oksijeni, mchochee apumue, ita msaada. Asipopumua vya kutosha, msaidie kwa mfuko wa kupumulia. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya morifini, hutolewa kwa maagizo au kwa mwongozo wa hospitali. Ampuli ya miligramu 0.4 ikichanganywa na maji ya chumvi mpaka mililita 10, kila mililita inakuwa na mikrogramu 40. Kwa mgonjwa wa upasuaji ambaye bado anapumua, hutolewa mililita 1 au 2, unasubiri dakika mbili tatu, unatazama, unarudia. Ukisukuma ampuli nzima kwa pamoja, maumivu ya mshono yanarudi yote kwa mpigo, presha inaruka, anatapika. Kosa la pili ni kushangilia mapema: naloksoni huisha nguvu kati ya dakika 30 na 90, na morifini inaweza kuwa bado imo. Anayeachwa peke yake baada ya kuamka anaweza kuzama tena.

Mkojo nao una 20 yake. Yake inaitwa 30. Utasikia kila mahali kwamba mililita 30 kwa saa zinatosha. Zinamtosha nani? Kipimo ni mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa. Mwenye kilo 50 anatakiwa 25, mwenye kilo 90 anatakiwa 45. Kwa huyu wa pili, 30 ni upungufu, na kwenye chati itaonekana kama ushindi. "Mkojo umetoka vizuri" si kipimo. Mimina kwenye jagi lenye alama, liweke mahali pa usawa, inama usome macho yakiwa sambamba na mkojo. Mistari ya kwenye mfuko ni ya kukadiria tu.

Mkojo ukipungua saa mbili mfululizo, anza na mpira wa kutolea mkojo kabla ya figo. Umekunjika chini ya paja? Mfuko umewekwa juu kuliko kibofu? Kuna kitanzi kinachoning'inia kimejaa mkojo? Kuna bonge la damu? Papasa juu ya kinena: kibofu kilichojaa kinaonekana kama uvimbe wa mviringo, na ukikibonyeza mgonjwa anakunja uso. Asiye na mpira anatakiwa awe amekojoa ndani ya saa sita hadi nane baada ya upasuaji. Na yule anayetoa kidogo kidogo, mililita 50 kila nusu saa, usimpongeze. Huenda kibofu kimefurika na hicho ni kinachomwagika tu. Kama mpira uko sawa na kibofu ni kitupu, basi tatizo ni la damu inayofika kwenye figo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kukimbilia dawa ya kukojoza hapo, kabla mtu hajajua kama mgonjwa amepungukiwa maji au anavuja damu ndani, ni kuipamba chati.

Kwa mtu mzima mwenye afya anayevuja damu, mishipa hubana na kuishikilia presha kwa muda mrefu. Mwenye kilo 70 ana damu lita 5 hivi, na namba ya juu ya presha inaweza isishuke mpaka amepoteza kama lita moja na nusu. Kabla ya hapo kuna dalili ambayo ni hesabu ya kutoa tu: toa namba ya chini ya presha kwenye ya juu. 118/76, tofauti 42. Baada ya saa moja 114/88, tofauti 26. Kisha 110/94, tofauti 16. Ukisoma namba za juu peke yake, ameshuka kidogo tu. Ukitazama tofauti, anaisha. Mapigo nayo yatapanda, isipokuwa anatumia dawa za presha zinazozuia moyo kwenda mbio, kama atenololi. Huyo usimsubiri afike 100.

Ingiza mkono chini ya mgongo na kiuno, maana damu hufuata mteremko na bandeji ya mbele hubaki safi. Doa likionekana, zungushia kalamu pembeni na uandike saa. Bandeji ya kwanza ikilowa ongeza nyingine juu yake, kuibandua mwachie aliyefanya upasuaji. Na mrija wa kutolea majimaji ulioacha ghafla kutoa kitu, usiandike "mkavu" kabla hujahakikisha haujaziba.

Najua kitakachosemwa: muuguzi mmoja, wagonjwa thelathini, dakika thelathini za kuhesabu pumzi zinatoka wapi? Hoja hiyo ni ya kweli. Basi chagua. Walio ndani ya saa 24 za kwanza, walio kwenye morifini, walio kwenye oksijeni, wenye homa, wazee waliochanganyikiwa ghafla. Hao wahesabiwe bila kukosa. Kwa waliobaki, kama hukuhesabu, acha nafasi wazi. Nafasi wazi inamwambia wa zamu inayofuata aanzie hapo; 20 ya kubuni inamwambia apite. Wakaguzi wa chati wanaogomba kwa nafasi wazi na kuridhika na 20 kumi zilizopangwa mstari wanachangia ugonjwa huu.

Ukishakuwa na namba za kweli, hata simu ya usiku inabadilika. Badala ya "Daktari, mgonjwa wa kitanda cha 6 hayuko vizuri," unasema: "Daktari, kitanda cha 6, siku ya pili tangu akatwe utumbo. Pumzi zimetoka 18 hadi 26 ndani ya saa nne. Mapigo 104, joto 38.2, presha bado 112/78. Ana kilo 68, mkojo saa iliyopita 20, saa hii 15, mpira nimeukagua. Naomba uje umwone sasa." Akikujibu "endelea kumwangalia," muulize: nikupigie tena zikifika ngapi? Andika namba atakayokupa, na saa aliyoitoa.