Pizza moja kubwa au ndogo mbili?

Watu watatu wamekaa mezani Njiro, jijini Arusha, wanachangishana. Tuseme menyu ina pizza ndogo ya sentimita 20 kwa shilingi 12,000 na kubwa ya sentimita 30 kwa shilingi 20,000. Hakosekani wa kusema tuchukue ndogo mbili, maana 20 na 20 ni 40, na 40 inaizidi 30.

Kipenyo hakiliwi, kinacholiwa ni eneo. Eneo la duara ni nusu kipenyo kizidishwe chenyewe kwa chenyewe, kisha mara ile 22/7 ya shuleni. Kwa kulinganisha tu, hata hiyo 22/7 achana nayo, kwani ipo pande zote mbili. Zidisha kipenyo kwa kipenyo: ndogo inatoa 400, kubwa 900. Ndogo mbili ni 800 kwa shilingi 24,000, na kubwa moja inazipita kwa 900 zake, tena kwa bei ya shilingi 20,000. Kila kizio, yaani kila moja katika hizo 400 au 900, cha ndogo kinagharimu shilingi 30, cha kubwa kama 22. Ingebidi kubwa iuzwe 27,000 ndipo zilingane.

Kuna na ukingo. Associazione Verace Pizza Napoletana, chama kilichoanzishwa Napoli mwaka 1984, kinataka ukingo uliovimba wa sentimita 1 hadi 2. Chukua 2: kwenye ndogo sehemu yenye chizi inabaki asilimia 64, kwenye kubwa asilimia 75.

Wanaotetea kubwa huishia hapo, na mimi naona wameishia mapema.

Hesabu ya duara haijui unene wala mkono wa mpishi. Kubwa ikiwa kweli ina unene wa ndogo, donge lake la unga linatakiwa liwe na uzito mara mbili na robo, na chizi vivyo hivyo. Mpishi akitupia konzi ileile ya chizi kwenye zote mbili, umenunua mkate mpana. Muuza chapati yeyote wa Kaloleni anajua kwamba donge moja ukilisukuma zaidi linaongezeka upana tu, shibe ni ileile.

Halafu tumbo. Kubwa ikikatwa vipande 8, nafuu yake yote imo kwenye vipande viwili vya mwisho. Ukila sita umekula vizio 675 kwa shilingi 20,000, yaani 29 na ushei kwa kizio, karibu sawa na ndogo. Vitatu vikichacha, aliyenunua ndogo amekushinda. Watatu wenye njaa hawana hofu hiyo. Lakini mpangaji wa Sakina anayekula peke yake, tena hana friji, ya 12,000 inamtosha, hata kama kwa kizio ni ghali.

Hoja kwamba ndogo mbili zinaleta ladha mbili siipi uzito. Jikoni wengi wakiombwa watakupikia nusu kuku, nusu mboga.

Kinachoniudhi ni menyu inayoandika ndogo, kati, kubwa bila sentimita. Hapo omba uoneshwe sinia la kuokea, upime hata kwa shubiri. Kwa bei zile za mfano, kubwa inaanza kuwa nafuu ikiwa na karibu sentimita 26. Ikiwa hiyo inayoitwa kubwa ni ya sentimita 25, kizio kimoja kinafika shilingi 32, na ndogo ndiyo nafuu.